Tuseme Tulichokiona: Ilani ya Ntalikwa

Sisi wakazi wa Ntalikwa, wake kwa waume, tunaanza na neno moja tulilolizoea mno: naona. Mtu husema, "Naona bibi yule ana macho mekundu." Kisha, kwa neno lilelile, husema, "Naona bibi yule si mtu mzuri." La kwanza limeonwa kwa jicho. La pili limetoka moyoni mwa msemaji.

Hapo ndipo watu wetu wanapofia. Julai 2017, huko Uchama wilayani Nzega, mkoani mwetu humuhumu, wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Hawakuwa wa kwanza. Kwa miaka mingi, Unyamwezini na Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yao mekundu. Macho hayo tunayajua! Bibi amepikia kuni juu ya mafiga tangu akiwa binti, katika jiko lisilo na dirisha. Msimu wa tumbaku amekesha akichochea moto wa bani la kuikaushia. Na upo ugonjwa wa vikope, ambao una dawa.

Kwa hiyo tunadai hivi. Kwenye mkutano wa kijiji na mbele ya sungusungu, anayemtaja mwenzake kuwa mchawi aulizwe: uliona nini, ulisikia nini, wapi, lini? Akijibu, "Alinitazama kwa husuda," aambiwe: alikutazama, basi, husuda umeiongeza wewe. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka jambo la kuonwa lisemwe na aliyeliona. Kesi ya mbuzi aliyeibwa hudai shahidi, sembuse roho ya mtu?

Lambalamba, wale wanaodai kuwafichua wachawi, wasikaribishwe. Anayelipwa ili aone, ataona tu.

Zamani, misafara ya biashara ilipotua Kwihara, pembe za ndovu zilipimwa kwanza, frasila zikajulikana, ndipo bei ikazungumzwa. Nasi tunataka utaratibu huo kwa binadamu. Hatumkatazi mtu kuwaza. Aliyefiwa na mtoto ghafla atatafuta sababu, na uchungu wake ni wetu sote. Ila wazo lake lisisimame barazani kama shahidi.

Wewe unayesoma, jioni hii pita kwa bibi jirani yako. Mpe shikamoo, ukae naye jikoni mpaka ugali uive. Kesho mpeleke zahanati akaangaliwe macho.