BWANA SHAMBA ANASEMA: Chuma Kilichotoka Angani

Ndugu msomaji, umewahi kukaa uani usiku ukaona kama nyota inaanguka? Watoto hupiga kelele: "Kimondo!" Kisha huuliza: "Kimeanguka wapi?" Wazazi wengi hunyamaza, au huwaambia watoto wakalale.

Mwezi huu naacha habari za korosho na mihogo. Tujibu swali la watoto.

Ile si nyota. Nyota ni kubwa sana, nazo ziko mbali sana. Kinachoanguka ni kipande cha jiwe au cha chuma kilichokuwa kinatembea angani. Kinapoingia katika hewa yetu kwa kasi kubwa, kinapata moto, kinawaka. Vingi ni vidogo kama punje ya mchanga. Huungua vikaisha huko huko juu. Vichache ni vikubwa, na hivyo hufika chini.

Kimoja kilifika kwetu Tanzania. Kiko wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Marekani kuna makumbusho ya anga. Familia huenda huko siku ya mapumziko kutazama vyombo vilivyotengenezwa na watu vikaruka angani. Chetu hakikutengenezwa na mtu. Kilikuja chenyewe, na unaweza kukishika kwa mkono.

Barabara kuu inayopita Maili Moja hapa Kibaha ndiyo inayokwenda Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka Mbozi. Ni zaidi ya kilomita 800. Nauli ya watu watano ni fedha nyingi, sikufichi. Basi, mkiuza korosho wekeni akiba kidogo kidogo, mwende likizo ya Juni. Wakati huo mvua zimekwisha. Chukueni nguo nzito, maana baridi ya kule si ya Pwani. Na baba asiende peke yake halafu aje kusimulia! Mama na watoto nao wana macho.

Mkifika mtaona kitu cheusi, kirefu kama mita 3. Uzito wake ni tani 12 au zaidi. Lori la tani 7 haliwezi kukibeba. Katika kila kilo 100 za kimondo hiki, kilo 90 hivi ni chuma. Karibu zote zinazobaki ni madini ya nikeli. Madini hayo hufanya chuma kiwe kigumu sana. Mwaka 1930 mtaalamu mmoja wa miamba alikata kipande kidogo kwa msumeno wa chuma. Kazi hiyo ilimchukua saa 10.

Wenyeji walikijua zamani. Mpima ardhi wa wakati wa ukoloni alikiona mwaka huo huo wa 1930. Kilikuwa kimezama ardhini, mgongo tu ndio ulioonekana. Udongo ulichimbwa pembeni, kikajengewa zege chini. Sasa kimekaa kama chungu juu ya mafiga.

Tazameni ncha yake moja. Ina makovu. Watu walikuja na vyuma wakabanjua vipande, kila mmoja apate ukumbusho wa kupeleka kwake. Kwa maoni yangu huo ni wizi. Jembe likiisha tunanunua lingine, lakini kimondo hiki tutakinunua wapi? Tangu mwaka 1967 kinalindwa na sheria.

Wapo watakaowaambia kwamba ukikigusa utapata mkosi. Kiguseni tu. Ni chuma.

Tena chukueni sumaku. Spika ya redio mbovu ina sumaku nyuma yake. Mpeni mtoto aiweke juu ya kimondo. Itanasa, kama inavyonasa kwenye jembe la nyumbani. Kisha aiweke juu ya jiwe lolote la pale jirani, aone mwenyewe.