Maneno na Maana Yake: Sindano

Katika ukurasa huu hutwaa neno moja dogo tukaliangalia pande zake zote. Mwezi huu tumechagua neno lisilokosekana katika nyumba yo yote, nalo ni sindano.

Sindano ya kwanza ni ya mshonaji. Ile ya mkono ina ncha upande mmoja na tundu upande wa pili. Lakini sindano ya cherehani tundu lake li karibu na ncha, kwa kuwa kazi yake ni kuushusha uzi chini ya nguo ukutane na uzi wa pili. Iliyo kubwa, ya kushonea magunia na magodoro, huitwa shazia. Na mwenye kutaka kuijua subira aitazame kofia ya vito: kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, kimoja baada ya kimoja.

Kisha neno hili likasafiri. Mkulima husema mpunga wa sindano, yaani wenye punje nyembamba. Nahodha ana sindano ya dira, imwonyeshayo kaskazini hata usiku usio na nyota. Wazee wetu walikuwa na sindano ya santuri, iliyotoa sauti katika sahani. Na katika Kurani Tukufu, Sura ya 7, aya ya 40, tundu la sindano limetajwa pamoja na ngamia, kuwa mfano wa jambo lisilowezekana, ili wenye kukanusha na kutakabari wajue jinsi walivyo mbali na Pepo.

Lakini mtoto akisikia neno sindano hafikiri kofia wala mpunga. Hufikiri daktari, akalia kabla hajaguswa. Tusimcheke, maana hata watu wazima huikimbia.

Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, nchini Somalia. Alipata hata kufanya kazi pamoja na wachanjaji wa ndui, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Alisema baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua wagonjwa wa ndui ili aonyeshe njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, naye akaambukizwa. Mwenyezi Mungu akamponya, na akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Maradhi yaliyoua mamilioni ya watu yalishindwa kwa sindano ndogo yenye ncha mbili, iliyoshika tone moja tu la dawa kati ya ncha zake.

Maalin hakuificha aibu yake. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio, na kila alipomkuta mzazi mwenye kusitasita alimhadithia habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Basi hapa twaona maana moja zaidi. Sindano huwavika watu wote, nayo hubaki tupu. Ndivyo alivyo mwenye kuwaasa wenziwe na nafsi yake akaisahau. Baba humwambia mwanawe asiogope, na yeye mwenyewe mwaka wa pili huu aahirisha kwenda kupimwa. Mama huwakumbusha majirani siku ya kliniki, na kadi ya mtoto wake i sandukuni, haijafunguliwa. Nasi tuandikao nasaha kila mwezi hatujitoi katika hesabu hiyo. Maalin naye alikuwa sindano ya namna hiyo, hata alipouguzwa akajifunza. Ndipo maneno yake yakapata nguvu, kwa sababu aliyasema mtu aliyekwisha kuonja.

Kwa hiyo twawaomba, kabla ya kulifunga gazeti hili, itazameni kadi ya chanjo ya kila mtoto nyumbani. Palipo na nafasi tupu, ulizeni zahanati. Maumivu ya sindano hayadumu hata mtoto akafika mlangoni, bali faida yake huenda ikamfuata maisha yake yote.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutatwaa neno jingine.