Misisi: Kabla ya kununua msumeno wa umeme, hesabu wati

Familia nyingi zilizokimbia mapigano katika milima ya Fizi zinaanza maisha upya chini ya shitingi au katika nyumba za udongo zisizokamilika. Anayepata nafuu kidogo hutafuta kwanza mlango unaofungwa, dirisha, na mbao za kubeba mabati. Hapo ndipo linapokuja wazo la kununua msumeno wa umeme: kazi iende mbio, na baadaye mashine ilete pesa. Lakini katika mji wa machimbo kama Misisi, ambako wengi hutegemea jenereta au jua, mashine isiyofaa inaweza kumeza akiba yote ya nyumba.

Msumeno wenye diski ya mviringo mara nyingi huandikwa ubavuni wati 1,200 au zaidi. Unapoanza kuzunguka huvuta umeme mara mbili au tatu ya huo. Jenereta ndogo ya wati 950, inayotosha taa na televisheni, haiuwezi: itazimika, au msumeno utanguruma tu mpaka uungue. Inatakiwa jenereta ya wati 2,500 hadi 3,000. Kwa hiyo bei ya msumeno si ile ya dukani peke yake. Ongeza jenereta, esansi na diski za kubadilisha.

Volti nazo zisomwe. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni ya volti 120. Ikichomekwa kwenye 220 inaungua. Msumeno wa betri hauhitaji jenereta, ila betri moja hukata mbao chache, kisha kazi inasimama kungoja chaji. Ule wa mnyororo unafaa kupasua magogo. Ukitengenezea milango, unakula mbao na kuacha kingo mbovu.

Tena kuna vidole. Mbao mbichi hubana diski, na msumeno humrukia anayeushika. Fundi anayeng'oa kifuniko cha diski ili aone vizuri anacheza na mkono unaolisha watoto wake.

Basi nani anunue? Familia yenye nyumba moja haina sababu. Msumeno wa mkono wenye meno makali, tupa ya kuunoa, mita na siku mbili tatu za jasho vinatosha mlango na madirisha. Mbao nyingi za paa zipelekwe kwa seremala mwenye mashine. Maseremala wanne watano wakichanga, wanaweza kupata msumeno mmoja na jenereta inayolingana nao, na kuwapunguzia bei waliohama makwao.

Wanaoleta misaada nao wangesikia hili. Vifaa vya mkono kwa kila kaya, na mashine moja kwa kikundi chenye fundi anayeijua, vingejenga milango mingi kuliko mashine zinazolala ndani kwa kukosa esansi.