Sauti Sita Ndani ya Mashini ya Mchezo



Wazazi wengi wanalalamika juu ya mashini za michezo, zile zinazofungwa kwenye televisheni. Wanasema: « Mtoto ameketi mbele yake tangu adhuhuri hata jioni; maji hayakutekwa, masomo hayakusomwa. » Hatutawapinga. Lakini juma hili tunataka kufungua moja ya mashini hizo na kutazama ndani yake, maana mna jambo ambalo wazazi na wanafunzi wanaweza kujifunza pamoja.

Mashini yenyewe ni ya zamani. Inaitwa Mega Drive. Kampuni ya Sega iliitoa huko Japani katika mwaka 1988. Ndani yake mna kidude cheusi, kidogo kuliko kidole, ambacho kazi yake ni moja tu: kutoa muziki. Jina lake ni YM2612, na kilitengenezwa na Yamaha. Hakina nyuzi, hakina ngozi ya ngoma, wala hakikuwekewa sauti za vyombo zilizorekodiwa. Kinafanya hesabu tu. Hata hivyo chatoa sauti kama ya kengele, ya kinanda, ya tarumbeta na ya gita.

Yawezekanaje? Mtazameni mpiga violini. Kidole chake chatikisika juu ya uzi, na sauti inapanda na kushuka kidogo, labda mara 6 kwa sekunde. Waimbaji wetu nao hufanya vivyo hivyo wanaposhika noti ndefu. Mwaka 1967, mwanamuziki Mmarekani, John Chowning, alikuwa akijaribu mtikisiko huo kwa kompyuta katika chuo kikuu cha Stanford. Akauharakisha, kisha akauharakisha zaidi. Ndipo sikio lake halikusikia tena mtikisiko, bali lilisikia sauti mpya kabisa. Sauti mbili nyepesi, moja ikiitikisa nyenzake, zilikuwa zimezaa sauti nzito yenye rangi.

Tena kuna kanuni. Kama mwendo wa zile sauti mbili unalingana kwa hesabu kamili, yaani 1 kwa 1 au 1 kwa 2, sauti inayozaliwa yafanana na ya tarumbeta au ya filimbi. Kama haulingani hivyo, tunasikia kengele au chuma kilichogongwa. Wanafunzi, mnaosema kwamba hesabu za uwiano hazina ladha, mwaonaje sasa?

Kidude cha Sega ni kama kwaya ya waimbaji 6. Kila mwimbaji anaundwa na sauti nyepesi 4, na hizo zaweza kuunganishwa kwa namna 8. Kueleza sauti ya chombo kimoja, mtunzi huandika namba zipatazo 30. Lakini kuirekodi sauti hiyo kama katika sahani za CD kwahitaji namba 44,100 kwa kila sekunde moja. Ndiyo sababu mashini yenye nafasi ndogo iliweza kuimba kwa nguvu namna ile.

Msifikiri kwamba Chowning alishangiliwa mara moja. Viwanda vya vinanda vya Marekani vilionyeshwa uvumbuzi wake, navyo havikuona faida ndani yake. Chuo kikuu chenyewe hakikumpa cheo cha kudumu, naye akaondoka. Wajapani wa Yamaha ndio waliofahamu. Mwaka 1975 walipata ruhusa ya kuutumia uvumbuzi huo, na Chowning akarudishwa Stanford. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda cha DX7, kikasikika duniani kote. Hatimaye chuo kile kilipokea dola zaidi ya milioni 20 kwa kazi ya mtu ambaye hakikutaka kumweka. Wazazi, kumbukeni habari hii kabla ya kusema kwamba mtoto fulani anapoteza wakati bure. Mti hauulizwi matunda siku ya kupandwa.

Mfano mwingine ni wa Mjapani Yuzo Koshiro, aliyezaliwa mwaka 1967. Mama yake alikuwa mpiga piano, naye alimfundisha tangu utoto. Kijana huyu aliyependa michezo hakutosheka kucheza. Alijiandikia mwenyewe programu ya kukiamrisha kile kidude, na mwaka 1991 akatunga muziki wa mchezo Streets of Rage, ambao watu wanausikiliza hata leo bila kucheza.

Siku hizi wapo wengi, katika nchi nyingi, wanaotunga kwa kidude hicho cha kale, au kwa programu zinazokiiga ndani ya kompyuta. Mojawapo ni Furnace, nayo hutolewa bure. Mtu atauliza: kwa nini wachague sauti 6, wakati kompyuta ya leo yaweza kutoa mamia? Sababu upungufu ni mwalimu mkali. Mwenye sauti 6 hapotezi hata moja. Ngoma ikitaka nafasi, mwingine hana budi kunyamaza. Mtunzi anajifunza kupambanua lililo la lazima na lililo pambo tu. Mpiga likembe anajua neno hili: vyuma vyake ni vichache, na kijiji kizima kinacheza.

Basi, wazazi, wekeni saa ya mchezo na saa ya kazi, na saa hizo zishikwe. Lakini msiishie kufukuza. Mwulizeni mtoto: « Sauti hii inatoka wapi? Ilifanywaje? » Huenda swali hilo likamwamsha kuliko fimbo.

Nanyi, vijana, msiseme: « Tungekuwa na vyombo vya Ulaya, tungefanya makubwa. » Yule mtumishi wa Injili aliyepewa talanta moja hakulaumiwa kwa sababu alipokea kidogo. Alilaumiwa kwa sababu alikizika kile kidogo ardhini. Waliopewa sauti 6 tu wamezifanya ziimbe. Ninyi mmepewa ngapi?