Tunachanga, lakini hatufuti deni

Nyangezi, siku ya posho, tarehe 9 mwezi wa 3, 2024

Wandugu vijana wa Nyangezi, wa Kadutu, wa Ibanda na wa Bagira,

Leo saa tisa ya muchana tulikuwa tena kwenye mukutano, kama kila posho. Vijana 27 wa klabu ndogo ya huduma ya hapa kwetu Nyangezi, viti vya kuazima, daftari moja, na kopo moja ya maziwa ya unga yenye tundu juu. Kila mumoja anaweka franga 500. Mwenye kuchelewa anaongeza 200. Kisha mwekahazina anasimama na kusoma: posho iliyopita iliingia hivi, ilitoka hivi, imebaki hivi. Mwenye swali anauliza. Hakuna anayekasirika kwa kuulizwa.

Lakini leo tulikasirikiana, na si juu ya daftari. Tunataka kutengeneza chemchem moja ambapo watoto na mama wanachota maji yenye matope. Wote tulikubaliana kuchanga. Mimi nikaomba kitu kimoja zaidi: mbele ya kununua mufuko wa kwanza wa simenti, tuandikie wakubwa barua, tuulize makuta ya maji ilienda wapi. Hapo nyumba ikagawanyika. Wengine wakasema, "Ndiyo." Wengine wakasema, "Unatuletea siasa ndani ya klabu." Tumeahirisha. Posho ijayo tunapiga kura, na njo maana naandika leo.

Mujue kwanza nani anaandika. Niko na miaka 25 na diplome ya maendeleo ya vijijini. Muko huru kucheka: mutu alisomea maendeleo ya kijiji, akarudi kijijini bila kazi. Sasa ni mwaka wa pili. Kwangu franga 500 si kitu kidogo. Kuna siku natembea kwa miguu pahali pa kupanda moto ili hiyo 500 ifike kwenye kopo. Kwa hiyo nikisema juu ya muchango, sisemi kama mutu anayeangalia toka mbali.

Naanza na ninyi wandugu zangu wa mapambano, sababu ninyi pia muko na makosa. Mara ngapi nimewasikia mukicheka klabu za huduma? Eti Rotary na Lions ni wakubwa wa kula kuku ndani ya hoteli, wanabandika pini kwenye koti, wanapiga picha na mutoto wa maskini, basi, wamerudi nyumbani. Eti sisi wa Nyangezi tunawaiga, ila kuku tu njo imekosekana. Nilicheka pia. Lakini tuseme ukweli wote.

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 mwezi wa 2, 1905. Mwanasheria mumoja, Paul Harris, alikutana na rafiki zake watatu ndani ya ofisi ya mumoja wao. Jina lenyewe lilitoka kwenye kuzunguka: leo kwa ofisi ya huyu, juma lijalo kwa ofisi ya yule. Sasa mama zetu wa likelemba wanafanya nini? Leo kwa mama huyu, juma lijalo kwa mama yule. Kitu tunachokiita cha wazungu kiko ndani ya nyumba zetu tangu zamani. Tofauti ni moja: likelemba inasaidia aliye ndani ya muduara, klabu inatafuta aliye inje.

Na kukutana kila juma si muchezo. Sisi wanaharakati tunajua kukutana siku ya hasira. Maji ikikatika, tunajaa barabarani. Mwenzetu akifungwa, tunajaa mbele ya kasho. Hasira ikipoa, kila mutu kwake. Klabu inakutana hata siku ambayo hakuna kitu cha kusema. Inasoma daftari, inatoza faini, inafunga mukutano. Ukifanya hivyo miaka na miaka, unapata nguvu ambayo hasira peke yake haiwezi kukupa.

Muangalie polio. Mwaka 1985 Rotary ilianzisha kampeni ya PolioPlus na kusema itatafuta dola milioni 120. Mwaka 1988 ilikuwa imepata milioni 247. Wakati ule polio ilikuwa inalemaza watoto karibu 350,000 kila mwaka, ndani ya inchi zaidi ya 125. Tarehe 25 mwezi wa 8, 2020, ilitangazwa kwamba virusi ya polio ya asili imemalizika ndani ya Afrika. Watu wenye kukaa na kuhesabu makuta kila juma wako na sehemu yao katika ushindi huo. Mwenye kuwacheka atuonyeshe kwanza yeye alimaliza ugonjwa gani.

Sasa nageukia upande wa pili: ninyi wenzangu wa klabu, muliosema leo, "Siasa hapana."

Historia ya polio haikuishia kwenye kopo. Hao watu waliona haraka kwamba hata milioni 247 haiwezi kupatia chanjo watoto wa dunia nzima. Wakaenda kugonga kwenye milango ya serikali. Mwaka 1988 mupango wa dunia ulianza pamoja na OMS, UNICEF na CDC ya Marekani, na serikali zikasukumwa kutoa mabilioni ya dola. Klabu ilichanga, na klabu ilidai. Haikuunga mukono chama chochote, lakini haikufunga kinywa. Na pale Leta iko na miguu mizito, ugonjwa unarudi kwa mulango mwingine: mwaka 2022, ndani ya Kongo yetu, watoto kwa mamia walipatwa na polio ya aina inayotokana na virusi ya chanjo, ile inayotembea pahali watoto wengi hawajachanjwa. Muchango wa watu wema ni mukono moja. Mukono wa pili ni wa Leta, na hakuna klabu inayoweza kuuweka pahali pake.

Tukumbuke pia kile kilalo cha mbao, sababu naona tumekisahau haraka.

Mwaka jana tulichanga miezi tano ili kukitengeneza. Hesabu iko ndani ya daftari: vijana 27 kwa 500 ni franga 13,500 kwa juma. Kwa juma ine ni 54,000, na hiyo haitoshi. Kwa hiyo tuliuza mandazi kisha misa. Tuliosha moto za wamotari. Tulifanya mechi ya mupira, wamotari na wanafunzi, kuingia 200. Muzee mumoja alitupatia miti miwili ya mikaratusi. Tulibeba mchanga kwa mugongo. Siku ya kwanza watoto wa shule walivuka bila kuvua viatu, nilimuona mwekahazina wetu akifuta macho na kusema ni vumbi.

Kisha ikafika kampanye ya uchaguzi wa mwezi wa 12. Mukubwa mumoja mwenye kutafuta sauti akafika na magari mawili, kamba, makasi na mupiga picha. Akakata kamba juu ya kilalo chetu. Akasema, "Munaona, tunawafikiria." Akagawa t-shirt. Na sisi tulifanya nini? Tulipiga makofi. Mimi pia. Mama mumoja muuza ndizi, aliyeweka 200 ndani ya kopo yetu mara mbili, alitukaribia na kusema pole pole: "Batoto bangu, minyi nililipa taksi ya soko, nikalipa tena kopo yenu. Ule njo alilipa nini?"

Hakuna aliyemujibu. Barua hii ni jibu lake.

Yule mama alilipa mara mbili. Motari pia. FONER, mufuko wa kutengeneza barabara, iliundwa kwa sheria ya tarehe 7 mwezi wa 7, 2008, na makuta yake inatoka kwenye mafuta ya gari na kwenye peage. Kila lita ya esanse anayonunua motari iko na sehemu ya barabara ndani. Na barabara iko wapi? Barabara ya taifa namba 5 inatoka Bukavu, inapita hapa kwetu, inashuka Ngomo mupaka Kamanyola na Uvira. Kila mutu anaijua Ngomo na anajua lori ngapi zimelala kule. Njo maana mwenye kibali na makuta kidogo anavuka Rwanda, anashuka kwa Bugarama, na kuingia tena Kongo kwa Kamanyola. Kutoka Bukavu kwenda Uvira, ndani ya jimbo moja, unapita kwa jirani!

Katiba ya 2006, musitari wa 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa na umeme inahakikishwa. Musitari wa 175 unasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa inayotoka kwa jimbo inabaki kwa jimbo, inakatwa palepale inapopatikana. Sisi hatuombi zawadi. Maji ni deni, na mudai wake ni yule mama muuza ndizi. Tukimaliza chemchem na kunyamaza, tunamufutia mwenye deni deni lake kwa makuta ya yule anayedai. Je, hiyo njo huduma?

Nilisikia maneno matatu leo, nayajibu kwa heshima.

La kwanza: "Mutoto mwenye kiu hawezi kungojea katiba." Ni kweli kabisa. Njo maana sijasema tuache kuchanga. Tuchange leo, tuanze kazi leo. Barua haizuii koleo. Kuandika ukurasa moja kunachukua saa moja, na sisi mashomeri saa tuko nazo.

La pili: "Tukiuliza, watatuona wabaya, watatunyima ruhusa." Hiyo woga naijua, hata mimi niko nayo ninapoandika hapa. Lakini musitari wa 27 wa katiba hiyo hiyo unasema kila Mukongomani ana haki ya kupelekea mamlaka ya umma ombi lake, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Mutu hawezi kuitwa muasi kwa kutumia haki iliyoandikwa. Na tukiandika tukiwa 27, hakuna mumoja wa kumuonyesha kidole.

La tatu: "Klabu haifanye siasa." Kukata kamba juu ya kilalo chetu siku ya kampanye, hiyo ilikuwa nini? Siasa ilishaingia ndani ya klabu, na sisi tulikuwa tunaipigia makofi. Tofauti ni kwamba siku ile siasa ilikuwa ya mumoja, na barua itakuwa ya wote.

Basi posho ijayo ninaomba tupige kura juu ya mambo ine:

1. Kila muchango uende na barua. Mbele ya kazi kuanza, tuandike kwa mamlaka inayohusika: kazi hii ni ya nani, bajeti yake ni ngapi, ilienda wapi. Tuache kopi moja kwao, ingine igongwe muhuri ya kupokea na irudi kwa daftari letu. Tangu siku hiyo tuhesabu miezi mitatu.

2. Juu ya kila kazi tuandike kwa rangi nani alilipa. "Wakaaji wa Nyangezi, franga kadhaa, mwaka fulani." Jina la mutu mumoja hapana, hata la mukubwa wa klabu.

3. Kamba isikatwe na mutu asiyechanga wala kubeba jiwe. Mukubwa akitaka kuja, karibu, lakini aje na koleo ao na jibu la barua. Na kama kamba ni lazima, akate yule mama muuza ndizi.

4. Daftari lisomwe inje, sokoni, mara moja kwa mwezi, kwa sauti. Kwetu kwanza! Kama makuta ya kopo inapotea mikononi mwetu, tufunge kinywa juu ya makuta ya Leta.

Hili la ine njo zito kuliko yote. Mwekahazina wetu hajapata mushahara hata siku moja. Kalamu yake ni ya 200. Na kila posho anatuonyesha franga ngapi ziliingia na zilienda wapi. Sasa wenye ofisi, komputa, magari na mishahara wanashindwa na nini? Watatuambia hesabu ya Leta ni ngumu. Hapana. Kusimama mbele ya watu na kusoma si kugumu. Kugumu ni pale ambapo ndani ya daftari kuna kitu ambacho watu hawapaswi kusikia.

Wandugu wa Bukavu munaosoma hapa, ninyi pia muko na klabu zenu: kikundi cha avenue, korali, timu ya mupira, mashirika ya wanafunzi, salongo ya kartie. Munachanga juu ya kaniveau, juu ya taa ya njia, juu ya mezabanki za shule. Musiache. Lakini siku munapochanga, muandike. Munapomaliza, muulize. Na mwenye makasi akifika, mumuombe daftari lake.

Sisi tunakutana posho ijayo, saa tisa ya muchana. Mutu alete 500 yake. Na kama kuna mwenye mwandiko muzuri, alete kalamu.