Fundi wa ordinatere, mteja anapashwa kujua

Ndugu na dada wa Keshero, wengi kati yetu tunakula kwa kutengeneza mashini, basi tunasema hivi tukijitazama sisi wenyewe kwanza. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kulinda Windows 10 bure. Na bado kuna fundi anaiweka upya ku mashini ya farmasi, anapokea dola zake, hasemi kitu. Wengine hata hawajui. Hilo ndilo linatuuma.

Mwezi wa tatu 2017, Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja la Windows. Mwezi wa tano WannaCry ikapitia tundu lile lile, ikafunga mafaili ya watu na kudai pesa. Miezi miwili ya kusoma habari ilikuwepo!

Mega ni bei, tunajua. Lakini tangazo la usalama halikuli mega kama video. Mmoja asome ku saiti ya Microsoft yenyewe, aelezee wenzake jioni.

Na tusitishe watu bure: mashini ya nyumbani ikiandikishwa, inalindwa mpaka 13 Oktoba 2026. Ya zamani inaweza kupokea Linux. Mteja aambiwe hayo mbele ya kulipa.