Udongo Upimwe Kabla ya Bomba Kununuliwa

Katika miji ya Afrika Mashariki, bomba la maji safi mara nyingi hupitishwa mahali palipowahi kuwa na kiwanda, bohari ya mafuta au gereji bubu, na mjadala wa zabuni huishia kwenye kipenyo, kina cha mtaro na bei kwa mita, ilhali udongo utakaolizunguka bomba hilo kwa miongo kadhaa haupimwi. Hoja ya safu hii ni kwamba udongo ndio unaopaswa kuamua aina ya bomba.

Imezoeleka kuaminiwa kwamba bomba lisilo na ufa haliingizi kitu. Kwa bomba la chuma, imani hiyo ina ukweli mwingi. Kwa poliethilini, yaani ile plastiki nyeusi inayokunjika na kuuzwa kwa roli, haina, kwa kuwa benzini na tolueni, ambazo ni viambata vyepesi vya petroli, hupenya ukuta wa bomba taratibu hata pasipokuwa na tundu lolote, na maji yaliyolala bombani usiku kucha huathirika kuliko yanayotiririka. Benzini husababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 tu kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Risasi haipenyi plastiki. Njia yake ni viungio. Maji yanapokatwa kwa mgao, presha hushuka, na mwanya uliokuwa ukivujisha maji nje hugeuka kuwa mlango wa kufyonza tope la mtaroni. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao wakazi wake mwaka 2020 walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kutokana na sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, unaonyesha udongo wa makazi unavyoweza kubeba madini hayo. Kuchemsha, ambako ndiko kinga ya kaya nyingi, hakuyaondoi: maji hupungua kwa mvuke na risasi hukolea.

Tiba za kihandisi zinajulikana. Uingereza imekuwa na mwongozo wa kuchagua mabomba kwa ardhi ya namna hii tangu mwaka 2010, na miongoni mwa machaguo yake ni bomba la poliethilini lililovishwa tabaka la alumini, ambalo huzuia mvuke wa mafuta. Jambo linalosahaulika zaidi ni mtaro wenyewe: mchanga laini unaofukiwa kulinda bomba hupitisha mafuta kwa urahisi kuliko udongo wa asili, hivyo uchafu wa kiwanja kimoja husafiri kando ya bomba hadi kiwanja cha jirani, isipokuwa pale mtaro unapokatizwa kwa vizuizi vya udongo wa mfinyanzi. Hata mpira wa kiungio una umuhimu wake, kwa sababu mpira wa kawaida hupitisha petroli kuliko ule wa naitraili.

Hata hivyo, mamlaka ya maji inaweza kulaza bomba kuu bora kabisa barabarani, kisha mteja akaambiwa ajinunulie vifaa vya kuunganishiwa, naye, kwa haki kabisa, akachagua bomba la bei nafuu la nusu inchi, ambalo fundi hulipitisha kwenye ua uliomwagwa oili chafu kwa miaka mingi. Kipande hicho cha mwisho ndicho chembamba zaidi na ndimo maji yanamolala usiku, na kwa sababu hiyo, katika maeneo ya viwanda, gharama yake inafaa kubebwa na mamlaka yenyewe.